Wasifu wa dakika tano

Usiku wa kuamkia mazishi nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni, simu nimeibana kwa meno inanimulikia, naandika wasifu wa Mama kwenye karatasi mbili nilizochana kwenye daftari la mtoto wa kaka. Nje chini ya turubai watu wengine walishalala, wengine wanaota moto, wamama wa WAWATA, ule umoja wa wanawake Wakatoliki, wanaimba kwa zamu, wakichoka kuimba wanasali rozari, wakichoka rozari wanasimuliana habari za watu ambao hawapo. MC alishaniambia mapema, dada ni dakika tano, zisizidi, kuna watu wana basi la kuwahi.

Si mnajua wasifu wa marehemu unavyokuwa. Marehemu mama yetu mpendwa alizaliwa mwaka 1951, akasoma mpaka darasa la nane, akafunga ndoa 1970, akajaliwa watoto sita, wajukuu kumi na tisa na vitukuu wawili. Enzi za uhai wake alikuwa mcha Mungu, mpole na mkarimu. Hilo neno mpole mimi sikuliandika. Kaka yangu mkubwa ndo alipitia karatasi alfajiri akasema mbona hapa hujaweka mpole, nikamwambia kaka, Mama hakuwa mpole, akasema we weka tu, ndivyo inavyoandikwaga. Nikaweka. Sasa nilipofika hapo kwenye kusoma, mbele ya mapadri watatu na kijiji kizima, nikasikia kwenye mabenchi ya WAWATA mtu kacheka, sio kwa sauti, kile cha puani. Na tulipomaliza kuzika bibi mmoja akanishika mkono akanivuta pembeni akaniuliza taratibu, "Waitu mwanangu, mpole ulimaanisha nani?"

Kwahiyo hapa nafanya marekebisho ya wasifu. Ni marefu kidogo mnivumilie, MC hayupo.

Kwetu ni Bukoba vijijini, upande wa Kashozi, ambako wamisionari Wakatoliki walifika tangu 1892, kwahiyo dini kwetu ni kama migomba, umezaliwa umeikuta inakuzunguka nyumba. Rozari ilikuwa kila siku saa moja na nusu usiku, iwe mvua iwe kuna mgeni. Sisi tumekaa chini kwenye nyasi (enzi hizo bado tulikuwa tunatandika zile nyasi laini sebuleni, siku mbili za kwanza zinanukia vizuri sana, baada ya hapo ni viroboto), Mama anaongoza huku sikio moja liko kwenye maharage yaliyo motoni na jingine liko nje. Na alikuwa haachi sala ili aongee na wala haachi kuongea ili asali, vyote vinaenda pamoja. "Salamu Maria, umejaa neema, nani kamfunga huyo mbuzi mbona analia, Bwana yu nawe, umebarikiwa kuliko wanawake wote, chumvi mmeweka? na Yesu mzao wa tumbo lako amebarikiwa." Na sisi, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, tumeweka, utuombee sisi wakosefu." Mdogo wangu wa mwisho kwa muda mrefu alijua kabisa kwamba tumeweka ni sehemu ya sala, siku amelala kwa shangazi akaisali hivyo hivyo, shangazi akamuuliza mmeweka nini.

Watu wa kijijini walimwita Ma Mwalimu, na wengi wenu mlioko mbali mlidhani aliajiriwa. Hapana. Mama hakuwahi kupokea mshahara wa serikali hata siku moja. Jina lilitokana na kisomo. Mwalimu Nyerere alitangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kwetu wakati huo bado tunaitwa mkoa wa Ziwa Magharibi, tulikuwa kwenye ule mradi wa majaribio wa kisomo wa UNESCO pamoja na Mwanza, Mara na Shinyanga. Walikuwa wanatafuta mtu yeyote anayejua kusoma afundishe wenzake. Mama alikuwa na miaka kumi na tisa, bi harusi mpya kabisa, darasa la nane lake kichwani, akajitolea. Darasa lilikuwa kibanda cha fito na udongo ambao nusu ulishadondoka.

Tatizo likawa baba mkwe. Babu alikuwa hajui kusoma, na anataka, lakini wapi na wapi baba mkwe akae mbele ya mke wa mwanae aambiwe sema a, sema e. Kwa Wahaya wa enzi zile hata mke wa mtoto kukaa chumba kimoja na baba mkwe ilikuwa shughuli. Sasa alichofanya, jioni muda wa kisomo ukifika anatoka na panga lake kama anaenda kupunguzia migomba, anaenda kusimama nyuma ya kibanda, upande ambao udongo umedondoka, anasikiliza. Alikuwa na mkaa mfukoni, anaandikia kwenye kipande cha ubao. Mama alikuwa anajua. Hakumwambia mtu, ila akawa anapaza sauti kuliko inavyohitajika, kila herufi anaieleza umbo lake kwa mdomo, "hii ina tumbo linaangalia kulia, ina mkia umeshuka", wanafunzi walioko ndani wanamshangaa huyu vipi mbona anapiga kelele na ubao tunauona. Msimu wa kahawa ulipofika, pale kwenye mzani wa ushirika, karani akamletea Babu wino aweke dole gumba, Babu akaomba kalamu. Mama alikuwa haisimulii hii hadithi, aliyekuwa anaisimulia ni Babu mwenyewe, na kila akisimulia anainua dole gumba anaonyesha kwamba ni safi.

Afu 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ile ya vikundi vya kusikiliza redio, mnakaa chini ya mti mnasikiliza kipindi, mkimaliza mnajadili, mkishajadili mnaenda kuchimba vyoo. Mama akapewa kikundi. Sasa mtu mkali umempa na ruhusa ya kukagua vyoo vya watu! Mashangazi wanasema alikuwa akifika kwako hasalimii kwanza, anazunguka nyuma ya nyumba, akirudi ndo anapiga magoti anasalimia vizuri kabisa kwa adabu zote kama hajaona kitu, halafu anasema choo chako kina nzi. Tabia hiyo haikumtoka. Mwaka 2015 nimempeleka kwa wakwe wa mdogo wangu, watu wa heshima wana nyumba ya vigae, nikamuona Mama anauliza choo kiko wapi nikajua leo tumekwisha.

Vita ya Kagera mimi nilikuwa sijazaliwa. Ninachojua ni kwamba mwishoni mwa 1978 watu wa ng'ambo ya mto walipokimbia majeshi ya Amin nyumba yetu ilijaa, na dada anasema walikuwa wanakula kwa awamu tatu. Na yeye mwenyewe Mama alikuwa na mimba.

Nije kwenye Juliana, maana hapa ndo kwenye Mama mwenyewe.

Wale wa kizazi changu kutoka Kagera hamhitaji kuelezwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mkoani kwetu 1983, na kabla watu hawajajua jina lake wakaupa jina la nguo zilizokuwa zinaletwa na watu wa magendo kutoka Uganda, Juliana, maana wafanyabiashara wa zile nguo ndo walioanza kukonda. Nilikua nikijua kwamba watu wazima wanakonda halafu wanakufa, nikadhani ndo ilivyo dunia nzima. Kulikuwa na wiki tunazika mara tatu. Shule ikifungwa mchana mnaambiwa leo hakuna kupiga kelele njiani, kuna msiba kulia na kushoto.

Mama na wenzake watano wa jumuiya, yaani majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, walikuwa wanazunguka kwa wagonjwa. Hakukuwa na glavu, walikuwa wanavaa mifuko ya nailoni mikononi wanaifunga kwa kamba za mgomba. Nilikuwa na miaka kumi na moja hivi siku aliponichukua nimbebee ndoo. Tulienda kwa kijana mmoja aliyewahi kuwa fundi redio mjini, karudi nyumbani kufa, wamemuweka kwenye chumba cha uani na sahani yake wanamsukumia mlangoni kwa mti. Mama alipoona ule mti akauchukua akauvunja kwenye goti, akawaita wenye nyumba wote akawasema. Namkumbuka anasema, "Huyu ni mbuzi? Nauliza, ni mbuzi huyu?" Mama mtu analia, Mama hajali, anaendelea kusema. Ndo nawaambia hakuwa mpole. Mpole angelia naye.

Akaingia ndani akamuogesha. Mimi nimesimama mlangoni na ndoo sijui niangalie wapi. Akamkata kucha kwa wembe, kidole kimoja kimoja, pole pole, huku anamuuliza habari za redio, kwanini redio yetu ikifika usiku inakoroma, na yule kijana anamueleza kwa sauti ya chini sana, sijui betri, sijui spika, na Mama anauliza tena kama mtu ambaye kweli anataka kujua. Alipomaliza wembe akaukunja kwenye jani la mgomba akautumbukiza chooni. Akampa uji. Kijana akakataa. Mama akamwambia kunywa, sikutoka kwangu na mvua hii kuja kukuangalia unavyokataa uji, na yule kijana akacheka, akanywa nusu.

Ile nusu iliyobaki Mama akainywa yeye. Hakufanya ili watu waone, hakukuwa na mtu zaidi yangu, ni vile hakuwahi kumwaga chakula maishani mwake. Mimi nilikaa kama mwezi mzima namvizia. Usiku nikiamka naenda kuangalia mkono wake uliotoka nje ya shuka, naupima kwa macho kama umekonda. Sikumwambia mtu.

Wale wagonjwa walipokuwa wanaisha walikuwa wanaacha watoto. Wengine walienda kwa bibi zao, wengine kwa wajomba, na ambao hawakuwa na pa kwenda walikuwa wanaishia kwetu. Tulifika watoto kumi na watatu kwenye nyumba ya vyumba vinne. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, kahawa yake, redio yake, siku moja kaja kutoka shamba kakuta mtoto mwingine mpya amekaa kwenye kiti chake, akasimama mlangoni akauliza, "Hii nyumba ni yangu au ni ya parokia?" Mama akamjibu, "Mhamishie kwenye benchi, hajui." Basi. Baba akamhamisha, akakaa. Baba alifariki 2003, na ninaamini mbinguni wamempa chumba cha peke yake.

Na mimi niseme ukweli, wale watoto nilikuwa siwapendi. Kwenye misiba watu wanasimama wanasema mama yenu alikuwa mama wa wote, na mimi nikiwa mtoto nilikuwa nataka awe wangu. Shuka mpya zinaanza kwao. Wakikosea hawachapwi kama sisi. Mama alikuwa na hesabu yake kwamba sisi tulishapewa, na ukiuliza tulipewa nini anakuangalia tu.

Kuna suala la viatu ambalo sijawahi kuliongea. 1995 naenda kidato cha kwanza, shule ya kutwa, Baba kauza kahawa kaninunulia viatu vyeusi vya ngozi pale mjini Bukoba, vyenye kamba, vinalia ukitembea. Nilivilaza kitandani pembeni yangu wiki mbili. Siku tatu kabla ya shule kufunguliwa msichana tuliyekuwa tunaishi naye, yatima, tupo rika moja na saizi moja ya mguu, akapata barua kachaguliwa bweni, mkoa wa mbali. Mama akachukua viatu vyangu akampa. Mimi nikapewa vya kaka, vikubwa, nikajaza magazeti. Nililia mpaka nikatapika. Nikamuuliza kwanini, akaniambia huku anamenya ndizi hata hanitazami, "Wewe unarudi kwa mama yako kila jioni. Yeye anaenda kuishi na viatu tu."

Sasa nyie mnasubiri niseme yule msichana leo ni daktari na alikuja msibani na gari akaanguka kwenye kaburi. Hakuja. Sijui hata kama alipata taarifa, tulipoteana miaka mingi, na Mama hata siku moja sikumsikia akimlaumu wala kumuulizia kwa kusononeka, kwake ile kazi ilikuwa imeisha. Ila mimi sio Mama. Dada kama upo mahali unasoma hii, vile viatu vilikuwa vyangu.

(Mume wangu anasema sasa anaelewa kwanini nina pea za viatu zaidi ya thelathini. Tuachane na hayo.)

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama. Mdogo wake Mama alikuwemo. Hapa sitaandika zaidi, yeye mwenyewe hakuwa analiongelea, ila kuanzia siku hiyo kila mtu wa kijijini akisafiri kwa meli Mama alikuwa anawasha mshumaa mpaka apate habari kwamba kafika, na simu zilikuwa hazijafika kwetu kwahiyo kuna mishumaa ilikuwa inakaa siku nne.

Nimesema mcha Mungu kwenye wasifu, hilo ni kweli, lakini watu wasidhani kumcha Mungu kwa Mama kulikuwa ni kumwogopa padri. Kuna kipindi wanawake walichanga hela za bati za jengo moja la parokia, wajane wamechanga, watu wameuza kuku. Mwaka ukapita bati hakuna. Kwenye kikao cha halmashauri ya walei Mama akasimama akasema, "Baba Paroko, tunaomba utusomee mapato na matumizi." Kimya. Akaambiwa huko ni kukosa adabu. Miezi sita hakupewa kusoma somo wala kuongoza kitu chochote kanisani, na miezi sita hiyo hiyo hakukosa misa ya kwanza ya saa kumi na mbili asubuhi, anakaa benchi la mbele kabisa, uso kwa uso na padri. Halafu yule padri akaugua malaria kali. Mama akachinja jogoo, akapika supu, akaweka kwenye hotipoti akanituma nipeleke. Juu ya mfuniko alikuwa ameweka karatasi imekunjwa, nikaifungua njiani (ningeachaje), imeandikwa kwa ule mwandiko wake wa kisomo, herufi zimesimama kama askari: Pole sana Baba, Mungu akuponye. Mapato na matumizi bado.

Bati zilikuja. Sisemi kwa sababu ya supu.

Kwenye hela za watu ndo alikuwa hivyo. VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana hela, ilipoingia kijijini walimchagua mshika ufunguo. Kwa msiojua, lile sanduku la hela lina kufuli tatu na funguo zake wanakaa nazo watu watatu tofauti, asipokuwepo mmoja sanduku halifunguki, hata kama kuna mtu anakufa. Ufunguo wake aliufunga pamoja na wa nyumba na wa stoo kwa kitambaa chekundu, akawa anaupachika kiunoni ndani ya kanga. Na katiba ya kikundi aliiandika yeye, kurasa nne, faini kibao. Kuchelewa faini. Simu kuita kwenye kikao faini. Kuja na mtoto mwenye uwezo wa kubaki nyumbani, faini. Kuna mjumbe alitozwa kwa kusinzia.

Tetemeko la Septemba 2016 lilipopiga, Jumamosi mchana, nyumba ikapata ufa wa kupitisha kiganja, akalala nje wiki mbili. Alikuwa kwenye kamati ya kuandika majina ya walioathirika. Tukaja kugundua jina lake halimo kwenye orodha. Tukampigia simu sote sita tukiwa na hasira, akasema nyumba yake imesimama, na wanaoandikwa ni wale ambao nyumba zimekaa chini. Tukachanga wenyewe.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda ni Septemba 2022, WAWATA walipofanya jubilei ya miaka 50 hapa Dar. Ana miaka sabini na moja kapanda basi kutoka Bukoba, kashuka na mkungu wa ndizi na kopo la Blue Band lina senene, miguu imevimba kama mikate, ameshavaa sare. Alienda Uwanja wa Mkapa alfajiri akarudi usiku. Nikamuuliza Mama imekuwaje, Rais Samia si alikuja, akasema Rais kaongea vizuri, akanyamaza, akasema, "Lakini vyoo." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Usiku huo huo tukiwa tunakula akaniuliza jumuiya yangu hapa Tabata inaitwaje. Miaka minane nakaa pale sijawahi kukanyaga jumuiya. Nikasema ya Mtakatifu Rita. Akauliza mwenyekiti nani. Nikaanza kukohoa. Hakusema kitu. Kesho yake nimerudi kazini namkuta kwenye kochi amekaa na wamama wanne nisiowajua, wanakunywa chai kwenye vikombe vyangu vya wageni, kumbe alitoka asubuhi akamuuliza kijana wa bodaboda, akazungushwa mpaka akawapata, akawaleta. Jina la jumuiya sio Mtakatifu Rita. Leo hii mimi ni mweka hazina.

Presha ilikuwa inamsumbua tangu zamani na dawa alikuwa anagawana na jirani, hilo tumelijua baadaye. Kiharusi kilimkamata akitoka misa, mwezi wa tatu, njiani, wakambeba kwa tenga la bodaboda mpaka barabara kubwa. Nilimkuta wodini upande wa kulia umelala na mdomo hautoi neno. Siku tisa. Mama yangu kukaa siku tisa bila kuongea, nilikuwa namwangalia nasema huyu sio yeye.

Mkono wa kushoto ulikuwa unafanya kazi, na alikuwa anafanya nao kitu kimoja tu, anaunganisha kidole gumba na cha shahada anazungusha, anazungusha, ananiangalia mimi. Nikasema anataka rozari. Nikamuwekea rozari mkononi, akaisukuma. Nikamuwekea tena, akaisukuma mpaka ikadondoka chini, na Mama kusukuma rozari jamani, nikaenda nikalia kwenye korido. Nesi akasema ni ugonjwa, wengine wanakuwa hivyo. Siku ya tisa asubuhi akafariki, nesi akanikabidhi vitu vyake kwenye mfuko, kanga, kitambulisho, rozari, na vitu vingine sikuangalia, nikasukumia kwenye mkoba wangu, na mambo ya msiba yakanichukua.

Tukazika pale kwenye kibanja, shamba letu la migomba la nyumbani, pembeni ya Baba. Nikasoma ule wasifu na upole wake. Nikarudi Dar.

Wiki tatu baadaye Jumapili jioni napigiwa na katibu wa VICOBA. Kasalimia kirefu, kauliza watoto, kauliza mume, kauliza mvua za Dar. Halafu, "Mwanangu, mwezi huu ndo tunagawana, na sanduku halifunguki." Nikamwambia katibu si muite fundi mkate kufuli. Akasema fundi yupo, amekaa hapa nje tangu mchana, ila wanachama wanaogopa. Wanaogopa nini? Akasema, "Tunamwogopa mama yako."

Nikaenda kwenye mkoba. Kitambaa chekundu, funguo tatu, zile kubwa mbili na kamoja kadogo ka kufuli. Nikakaa nazo kitandani, nikakazungusha kale kadogo kati ya kidole gumba na cha shahada. Labda alikuwa anaulizia funguo. Labda alikuwa anataka nimfungulie maji, sitakaa nijue.

Asubuhi nikaenda stendi ya Magufuli nikampa konda wa basi la Bukoba kwenye bahasha, nimeizungushia selotepu kama nusu roli nzima. Akaniuliza ndani kuna nini nikasema funguo, akasema za gari? Nikasema andika tu funguo.

Juzi katibu kapiga tena. Sanduku limefunguliwa, hela zimehesabiwa, hesabu imetimia mpaka shilingi, mgao wa Mama watanitumia mimi kama mrithi aliyemuandika. "Ila mwanangu kuna kitu, usinielewe vibaya." Nikasema niambie tu. Akasema wamepitia daftari la mahudhurio, marehemu ana vikao viwili hakuhudhuria, siku zile alipokuwa wodini, na katiba inasema mgonjwa anasamehewa faini kama ametuma taarifa, sasa yeye taarifa hakutuma. Faini ni elfu moja kila kikao. Wamekaa wamejadili sana kama waiache, wakaona hapana, asingekubali.

Nikatuma elfu mbili na ya kutolea.